Lazima ya Nani?

Hivi majuzi nilikwenda Voi kumzuru dada yangu mdogo, aliyeolewa huko miaka mingi sasa. Hata sijakaa kitako vizuri, mpwa wangu akaja, akaniamkia kwa adabu, kisha akaleta haja yake. Anaoa mwezi wa Mfunguo Tatu, inshallah, na ataka nimdhamini kwa mwenye duka achukue makochi, kabati la vioo, zulia na televisheni pana mfano wa mlango, alipe kidogo kidogo kwa miaka miwili.

"Mjomba," akasema, "hivi ni vya lazima. Watu watasema nini?"

Sikumjibu papo hapo. Neno hilo "lazima" nilikwisha lisikia kabla, tena kinywani mwangu mwenyewe.

Msomaji atakumbuka mwaka 2017. Serikali ilitangaza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea vitu itakuwa marufuku, ikatoa muda wa miezi sita, mwisho Agosti 28. Lo! Kelele zikatanda. Wenye maduka walilalamika, wauza samaki walilalamika, na mimi pia niliuliza: sasa mtu atabebaje nyama? Kama kwamba wazee wetu hawakula nyama! Adhabu ilikuwa kali, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Siku ikafika, mifuko ikatoweka, na nyama tukala. Zanzibar walitutangulia katika jambo hili tangu 2006, wala hatukusikia kuwa wamelala na njaa.

Pale Voi kikapu kilirudi mkononi. Na kisirudi kwa nini? Nchi ile ni ya katani. Mwatate pana mashamba ya mkonge yasiyoonekana mwisho, na kina mama wa Kitaita ni mafundi wa kusuka vikapu, kama wetu wa pwani walivyo mafundi wa ukili. Chombo tulikuwa nacho, tukakitupa kwa kuwa cha plastiki kilikuwa bure. Tena Voi ni mlango wa mbuga ya Tsavo, na takataka ya mjini hupeperuka ikafika kwa ndovu. Juni 5, 2020 hata chupa na vikombe vya plastiki vya kutumiwa mara moja vilipigwa marufuku ndani ya mbuga za taifa. Watalii wangali wanakuja, na maji wanakunywa.

Wazee walisema kawaida ni kama sheria. Mgeni wa watu siku ya tatu hupewa jembe. Lakini kitu ukikikaribisha nyumbani, siku ya tatu hukupa wewe jembe ukakilimie. Litazame kabati la vioo: sahani zake hazijaliwa tangu zinunuliwe, sisi twala sinia moja. Makochi yamevishwa vitambaa yasichakae, wageni wanakaa jamvini. Chuoni tulihifadhi Suratut-Takaathur kwa furaha, maana ni fupi, aya 8 tu. Utu uzima ndio ulionifahamisha kwamba ile ni sura ya kuwaonya wanaoshindania wingi wa vitu hadi wakafika makaburini.

Basi nikamshukia mpwa wangu kwa hotuba. Nikavihesabu visivyolazimu: televisheni, makochi, zulia, friji, tangi la maji. Dada yangu alikuwa jikoni akinisikiliza. Akatoka, ndoo mkononi.

"Kaka," akasema, "friji na tangi vitoe katika hesabu yako. Maji uliyooga asubuhi, wajua yalifikaje humu ndani?"

Nikanyamaza. Bomba la chemchemi ya Mzima, iliyoko Tsavo Magharibi, lapita Voi likiyapeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, kwa dada yangu mfereji hukauka siku baada ya siku, maji yakaletwa kwa madumu juu ya mkokoteni, na kutoka mlangoni hadi jikoni mbebaji ni yeye. Mimi niliyakuta ndooni, nikaoga, nikavaa kanzu, nikaja kuwafundisha watu kukinai.

Nakiri nilikosea, na kosa hili tunalo wanaume wengi. Aliyeketi kitini ni mwepesi wa kusema hiki hakina lazima. Mwenye haki ya kusema hivyo ni yule ambaye kitu kikikosekana, mzigo utamwangukia yeye. Mfuko wa plastiki ulipoondoka, mimi niliongezewa kazi ya kukumbuka kikapu, basi. Makochi yakikosekana itaumia fakhari, nayo haina mifupa. Tangi likikosekana itaumia shingo ya bi arusi.

Basi nimempa mpwa wangu jibu. Nitamdhamini kwa tangi kubwa, na mabati ya kukingia maji ya mvua, maana mvua za Voi ni haba na tone moja halifai kupotea. Friji nimewaachia mama yake na mchumba wake waamue. Mengine ayangoje hadi awe na fedha zake, na huenda siku hiyo asiyatake tena. Amenuna kidogo, lakini dada yangu amecheka. Mfunguo Tatu nitakwenda arusini, na jamvini nitakaa.