Nani Alipie Matunzo ya Wazee wa Kidatu?

Kidatu, mkoani Morogoro, imejaa watu waliofuata kazi: miwa, reli ya TAZARA, na bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975. Kijana aliyeshuka hapa wakati huo akiwa na miaka 20 sasa amevuka 70, na ndugu zake wako Njombe au Songea. Wengi walikata miwa kama vibarua wa msimu, kwa hiyo hawana pensheni. Mmoja wao akipigwa na kiharusi, atatunzwa na nani, na kwa fedha ya nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia kwanza, makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Mkoani Morogoro yapo makazi ya serikali ya Fungafunga na Chazi. Huko mzee halipi, lakini sharti ithibitike kwamba hana wa kumtunza. Mwenye mtoto Dar es Salaam anayetuma kidogo kidogo kwa simu anahesabiwa kuwa ana mtu.

Huyo "mtu" kwa kawaida ni mjukuu wa kike. Alfajiri anachota maji, anamgeuza bibi ubavu asije akachubuka mgongo, anafua mashuka, ndipo aende shamba. Fedha ikiingia inaishia kwenye dawa, unga na pampasi za wakubwa. Yeye hapati kitu, na shule ameshaiacha. Matunzo ya nyumbani tunayaona rahisi kwa sababu gharama yake tumembebesha binti huyu, na mimi nasema huo ni uonevu.

Je, zijengwe nyumba za kulipia, tuseme Ifakara, karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko? Kwa mgonjwa anayehitaji muuguzi kila saa, ni wazo zuri. Ila nyumba ya namna hiyo ina mishahara ya zamu ya mchana na ya usiku, na kiharusi kinaweza kumlaza mtu miaka mingi. Mkata miwa hawezi, wala mwanawe muuza duka. Anayeweza, asiridhike na ukumbi uliopigwa deki. Aende jioni bila kuaga, aulize nani analala zamu, atazame visigino vya wazee waliolala. Vidonda havifichiki.

Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, baadaye ikapanda hadi 50,000. Haiulizi kama mzee ana watoto. Bara tuanze hivyo, kisha tuongeze posho kwa anayemhudumia mzee asiyeinuka kitandani. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Sehemu ya ushuru wa miwa itengwe kwa posho hiyo, na iandikwe kwa jina la binti anayeamka usiku, siyo la mjomba aliye mjini.