Mchanga Katika Nyumba ya Samaki

Wanafunzi wa pande za Ziwa Tanganyika wametuuliza mara nyingi: Je, sanduku la kioo la kufugia samaki lafaa kutiwa mchanga, au heri liachwe tupu lipate kuwa safi? Tunajibu bila kusita: litiwe mchanga, na mchanga huo utunzwe kama bustani itunzwavyo. Lakini kwanza yatupasa kukiri kosa letu wenyewe, maana sisi tuliwaua samaki kwa kupenda usafi.

Darasani mwetu tulikuwa na sanduku la urefu wa sentimeta 80, na samaki tisa wa ziwa letu, wale wadogo wakaao katika maganda ya konokono. Wataalamu humwita Lamprologus ocellatus. Urefu wake ni sentimeta tano au sita tu. Konokono mwenye ganda hilo ni Neothauma, ambaye hapatikani akiwa hai ila katika Ziwa Tanganyika. Akifa, ganda hubaki chini, na samaki wetu huja akalifanya nyumba. Huchota mchanga kwa kinywa chake, akauondoa chini ya ganda mpaka lizame, ukabaki mlango peke yake. Humo jike hutaga mayai. Basi, ukimnyima samaki huyu mchanga, umemnyima nyumba.

Siku moja tuliona mchanga umechafuka. Tukautoa wote, tukauchemsha sufuriani, tukamwaga na maji ya zamani, tukatia mapya. Sanduku liling'aa! Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakihema, na juma lilipokwisha watano walikuwa wamekufa. Mtoto aliyepewa kazi ya kuwalisha akatuuliza, «Mwalimu, si tuliwasafishia nyumba?» Hatukuwa na jibu siku ile.

Jibu ni hili. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Lakini juu ya chembe za mchanga huishi bakteria wasioonekana kwa macho. Wengine huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Sanduku letu halikuwa na chujio, ila pampu ndogo ya hewa. Kwa hiyo bakteria hao walikaa hasa mchangani, nasi tuliwachemsha wote kwa saa moja. Tena amonia huzidi ukali katika maji yenye magadi kama yale ya ziwa letu kuliko katika maji ya mito ya msituni.

Sasa twafanya hivi. Mchanga mpya ndio tunaouosha sana, kidogo kidogo katika beseni, tukikoroga na kumwaga mpaka maji yatoke meupe. Sabuni hapana, hata tone. Twachagua mchanga wa chembe ndogo, zisizo na ncha kali, na hatuuchoti pale akina mama wanapofulia nguo. Anayefuga samaki wa mito audondoshee ndimu kwanza: ukitoa povu una chokaa, haumfai, samaki wa Tanganyika haumdhuru. Kimo cha sentimeta nne chatosha. Kwa sanduku letu, lenye upana wa sentimeta 35, hizo ni lita 11 hivi za mchanga, karibu kilo 17. Mawe hutangulia, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uyazunguke. Yakilazwa juu ya mchanga, samaki atachimba chini yake na jiwe litamwangukia. Kisha twaweka sahani juu ya mchanga na kumimina maji sahanini polepole, yasitimke.

Kila juma twaondoa robo ya maji kwa mpira mwembamba, ncha yake ikiwa sentimeta mbili juu ya mchanga. Uchafu ni mwepesi, nao hupanda. Mchanga ni mzito, hubaki. Ncha ikishuka mno, mtamimina mchanga ndooni, na watoto watacheka. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini twayaacha katika beseni wazi siku nzima kabla ya kuyatia.

Kuna hatari nyingine. Mchanga uliorundikana sana na kutulia muda mrefu hukosa oksijeni. Chini huwa mweusi, na ukiguswa hutoa harufu ya mayai mabovu. Hewa hiyo ni sumu. Kwa hiyo twautibua kwa kijiti kabla haujafika hapo, juma hili upande wa kuume, juma lijalo upande wa kushoto, wala si wote kwa siku moja. Samaki wachimbao hutusaidia kazi hii. Wako pia konokono wadogo warefu wajifichao mchangani. Nao ni vibarua wema, ila wakiongezeka kupita kiasi, mjue mnalisha mno. Chakula kisichokwisha kwa dakika mbili au tatu ni kingi.

Wale wanne waliobaki tuliwaokoa kwa kubadili sehemu ya maji kila siku, na kwa konzi mbili za mchanga wa zamani, usiooshwa, tuliopewa na jirani mfugaji. Mwaka uliofuata jike mmoja alitaga. Yule mtoto ndiye aliyewaona kwanza vifaranga mlangoni mwa ganda, akaja mbio kutuita, mikono yake ingali na unga wa chaki.