Matema nako ni kwa watu wa Mbeya



Mkazi wa Jiji la Mbeya akitafuta pa kupumzikia huelekezwa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, maarufu kwa maua. Wachache huteremka hadi Matema, Kyela, ambako Milima ya Livingstone inazama moja kwa moja katika Ziwa Nyasa.

Waje Jumamosi! Mitumbwi ya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huo, hufika gulio la Lyulilo, jirani na Matema, na vyungu vilivyofungwa kwa nyasi. Mnunuzi mzoefu hugonga chungu kwa kidole, akasikiliza mlio, ndipo aulize bei.

Wageni wakija, ufukwe nao utunzwe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi halmashauri iweke alama za mipaka, vyoo na mapipa ya taka ufukweni.

Msomaji, Kyela