Mkate wa wikiendi

Mume wangu yuko Bunda kikazi, mimi niko Musoma. Tunaonana wikiendi tu, na tulishaanza kuwa kama wageni. Tukajiunga na darasa la mapishi, tukafundishwa mkate wa Ireland. Hauna hamira: ni unga wa ngano, chumvi, bekingi soda na maziwa mgando, ambayo sisi tunayapata kwa mama mkwe, Butiama. Uchachu wa maziwa ukikutana na soda, gesi inatoka papo hapo, kwa hiyo usikande sana. Chora msalaba juu, oka kama dakika 40. Yeye anaangalia mkaa juu na chini ya sufuria, mimi nachanganya, huku maneno ya wiki nzima yanatoka. Jamani, simu peke yake haitunzi ndoa. Mvute mwenzio jikoni!