Mukono uliolala haujakufa

Kwetu katika kambi tansio inaangusha batu wengi. Baba anaamuka aende zamu ya kwanza, mukono wa kuume haumusikii tena. Jirani wanasema amelogwa, munganga anasema ni AVC. Kiisha wiki chache wanamurudisha nyumbani na dawa zake, na mukono unabaki umekunjika juu ya tumbo sawa kitu cha mutu mwingine.

Tuseme leo juu ya namna moja ya kuamusha mukono ule: umeme. Usiogope. Ni umeme kidogo sana, unapitia vibandiko juu ya ngozi na kuambia musuli: kaza. Jambo lenyewe si la jana. Tangu mwaka 1961, munganga Liberson alionyesha namna umeme unavyoinua muguu wa mugonjwa anayeuburuta akitembea.

Shida njo mukono. Mukono unanyosha kiko, unashika kikombe, unaachia. Tena umeme ule ule unaonyosha mukono vizuri sasa hivi, baadaye kidogo hautoshi tena, sababu musuli unaotumwa na umeme unachoka upesi kuliko ule unaotumwa na ubongo. Mwenye kushika mashini anabaki kukisia tu.

Kule Uingereza, watu wa University of Southampton walikopa akili ya viwandani. Roboti inarudilia kazi moja, kila mara inapima ilikosea wapi, mara inayofuata inajirekebisha. Nao wakafanya vile na mukono: mugonjwa anafuata nuru inayotembea mbele yake, mashini inapima kosa, inapanga umeme wa mara inayofuata. Habari waliyotoa mwaka 2009 ilikuwa ya wagonjwa 5 tu, kwa hiyo tusipige ngoma mapema.

Lakini kuna kitu kimoja tunakipenda sana. Mugonjwa akijikaza mwenyewe, mashini inapunguza umeme wake. Haimufanyii yote. Wachimbaji munajua: kijana mupya, ukimubebea koleo kila siku, hatajua kazi hata kidogo. Mukono njo vile vile, unajifunza paka kwa jasho lake.

Mashini ya namna ile bado iko mbali na sisi. Kine, yeye, hayuko mbali, na mazoezi ya kurudilia kila siku anayafundisha hata bila umeme. Ndiyo maana tunaambia sendika: siku mutaketi na waajiri juu ya mukataba, muandikishe siku za kine kwa mufanyakazi na kwa bibi yake, si dawa peke yake. Na zianze mapema, mugonjwa asingojee mukono ukauke.

Na wewe mama, mutu akikuuzia sokoni kibokisi cha umeme wa misuli, usikibandike kwa baba mbele ya kuuliza kine ao munganga. Ngozi isiyosikia inaungua bila mwenyewe kujua, na kwa mwenye kuwekewa mashini ya moyo ndani ya kifua, ni hatari kubwa.