Mlima Unaotosha Nyuma ya Kidole Gumba

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo sikuja na msimbo wala habari za programu mpya. Nimekuja na hasira. Kabla hamjauliza ninamkasirikia nani, niwaambie mapema: nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Panda matatu Ruiru uende Thika, kisha uangalie mabango ya ploti njiani. Nyumba nyeupe. Watoto wawili wanakimbia nyasini. Upande wa kushoto misonobari imejipanga kama askari wa gwaride. Na nyuma ya yote, Mlima Kenya umejaza nusu ya anga, theluji imeufunika hadi mabegani. Fungua tovuti ya muuzaji, utaikuta picha ileile, chini yake bei, namba ya simu na maneno "hati iko tayari".

Naomba niseme wazi. Picha hizo ni uongo, na sisi watengenezaji wa tovuti ndio wapishi wake.

Nawajua wapishi kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2016 mteja mmoja, muuza ploti ambaye sitamtaja, alinipa kazi ya tovuti. Ploti zilikuwa ng'ambo ya Thika, upande wa barabara ya Garissa, kwenye ardhi tambarare yenye nyasi kavu na miti ya miiba. Picha aliyoniletea ilikuwa ya kweli, na ilikuwa mbaya: vumbi, vigingi vya saruji na mbuzi mmoja. Akaniambia, "Boss, itengeneze ivutie." Nikaitengeneza. Misonobari niliikata kutoka kwenye picha niliyokuwa nimepiga mwenyewe katika msitu wa Kieni, juu huko Gatundu Kaskazini. Mlima niliutoa kwenye picha nyingine, nikauvuta ukue mara kumi, nikauongezea theluji. Mbuzi nikamfuta. Nililipwa shilingi 15,000, na nilijiona fundi kwelikweli.

Miezi michache baadaye tata yangu, dada ya mama, alinipigia simu kwa furaha. Chama chao kilikuwa kimenunua ploti tatu, na moja ilikuwa yake. Aliziona kwa simu ya binti yake. "Nitakuwa naamka nikiangalia Kirinyaga kama guka," akaniambia. Aliitaja tovuti. Nikanyamaza.

Tulienda naye Jumamosi moja. Akashuka kwenye gari, akazunguka mzima mzima, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mlima uko wapi?"

Haya, tufanye hesabu, maana hii ni blogu ya watu wa kompyuta. Mlima Kenya una mita 5,199 kwenye kilele cha Batian. Kutoka Thika hadi pale, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 101, na uelekeo ni kaskazini ukiinamia mashariki kidogo. Thika yenyewe iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi. Toa, unabaki na mita 3,700. Lakini dunia ni ya mviringo: kwa umbali wa kilomita 101 uso wake unashuka karibu mita 800. Hewa inapinda mwanga na kukurudishia kama mita 100. Kwa hiyo, machoni pako kilele kimeinuka mita 3,000 kwa umbali wa mita 101,000. Hiyo ni digrii 1.7. Ukiwa Ruiru, ambako umbali ni kama kilomita 116, unapata digrii 1.3. Huo ndio ukomo wa juu kabisa, kwa sababu sehemu ya chini ya mlima mara nyingi inafichwa na ukungu na miinuko ya katikati.

Digrii 1.7 ni kitu gani? Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba. Upana wa kidole hicho ni digrii 2 hivi. Kimo chote cha mlima, kutoka Thika, kinatosha nyuma yake.

Sasa tuangalie simu. Kamera kuu ya simu ya kawaida inashika upana wa digrii 70, na picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Gawa: pikseli 57 kwa kila digrii. Kwa hiyo Mlima Kenya uliopigwa kwa simu kutoka Thika una kimo cha pikseli 97 katika picha yenye kimo cha 3,000. Ni asilimia 3 tu. Nyumba yenye kimo cha mita 6, ukiipiga ukiwa mita 20 kutoka kwake, inachukua digrii 17 hivi. Yaani nyumba ile ya kwenye bango inapaswa kuuzidi mlima kwa kimo mara kumi. Kwenye bango mlima ndio unaoizidi nyumba. Hakuna lenzi duniani inayoweza kufanya hivyo kutoka pale aliposimama mpiga picha.

Najua mtakaloniambia. "Ndugu, kuna lenzi ndefu." Ipo, na ninaipenda. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili, digrii zile 1.7 zinajaza karibu nusu ya kimo cha picha. Mimi mwenyewe nimesimama juu ya paa Thika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, nikangoja. Mlima ulijitokeza mweusi, kisha wa zambarau, na saa tatu haijafika mawingu yalikuwa yameshaumeza. Picha hiyo ni ya kweli na mlima ni mkubwa. Lakini nyumba iliyo mbele yake iko mbali nami sana, na chini ya picha nimeandika niliposimama, lenzi na saa. Sipingi lenzi ndefu. Ninachopinga ni kumuuzia mtu dirisha ambalo halipo.

"Lakini kila picha hutengenezwa." Kweli pia. Hata enzi za filamu watu walichezea mwanga ndani ya chumba cha giza. Kupunguza ukungu ili kilele kilichokuwepo kionekane ni sawa na kufuta kioo cha gari. Kuhamisha mlima ni kitu kingine. Kipimo changu ni rahisi: mtu akisimama palepale kesho asubuhi anga likiwa safi, atakiona ulichomwonyesha? Akikiona, umetengeneza picha. Asipokiona, umemdanganya.

Na hiyo misonobari? Kenya haina msonobari wa asili hata mmoja. Ule tunaouona zaidi, Pinus patula, ulitoka Mexico, ukapandwa kwa ajili ya mbao kwenye miinuko yenye baridi na mvua. Ile mistari iliyonyooka inayotupendeza kwenye picha imenyooka kwa sababu ni shamba: miti inapandwa, inakua miongo miwili au mitatu, inakatwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku hiyo. Kwa hiyo hata picha ya kweli ya misonobari inahitaji tarehe. Msitu uliopiga picha 2019 unaweza kuwa visiki leo. Mimi niliipanda misonobari kwa kipanya, mahali ambapo haijawahi kuota, kisha nikaiita "mandhari".

Wengine watasema haya ni mambo madogo, tangazo ni tangazo. Hasha. Angalia gharama yake. Aprili 2020, wakati wa vizuizi vya korona, hewa ya Nairobi ilitulia na picha ya Mlima Kenya nyuma ya majengo ya jiji ikasambaa mtandaoni. Watu walijibu nini? Wengi walisema ni Photoshop. Mlima umesimama pale tangu kabla ya babu zetu, hesabu niliyoifanya hapo juu inaonyesha kwamba hata kutoka Nairobi unapaswa kuonekana, na Wakenya wakabishana kama upo. Tumedanganywa na mabango hadi tunalikataa jicho letu. Aliyepiga picha ya kweli ndiye aliyeulizwa maswali. Waliopika wala hawakuulizwa.

Na tangu hapo mambo yamekuwa mabaya zaidi. Oktoba 2020 Photoshop ilileta kifaa cha kubadilisha anga kwa kubofya mara moja. Machi 2023 mtu mmoja alipiga picha mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini, na simu yake ya Samsung ikamrudishia mwezi wenye mashimo ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Simu ilijua mwezi unafananaje, ikajaza. Sasa kumbuka zile pikseli 97. Unadhani programu inayojaza mwezi itashindwa kujaza mlima?

Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu picha za mlima huu ni ushahidi. Mwaka 1899 Mackinder na wenzake walifika kileleni, na Hausburg, mwenzao katika msafara, alipiga picha. Leo tunaweza kuziweka picha za zamani kando ya za sasa tukaona barafu ilivyokwisha. Vipimo vinaonyesha kwamba barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Nami nikaketi Ruiru na kompyuta yangu, nikairudishia theluji kwa brashi, kwa shilingi 15,000. Mtoto aliyeona bango langu kila siku akienda shule, utamwambiaje kwamba barafu inaisha?

Basi, nadai nini?

Kwa wenzangu watengenezaji: mteja akitaka mlima ukue, mwambie hapana. Akisisitiza, andika juu ya picha kwa herufi zinazosomeka: HUU NI MCHORO. Na unapopunguza ukubwa wa picha ili tovuti iwe nyepesi, usifute tarehe na mahali palipopigwa bila sababu. Najua taarifa hizo zinaweza kughushiwa. Kufuli nayo inaweza kuvunjwa, na bado tunafunga milango.

Kwa wapiga picha: hifadhi faili la asili. Andika uliposimama, tarehe, saa na lenzi. Unapomtumia mtu kwa WhatsApp, litume kama hati, maana likienda kama picha ya kawaida linabanwa na taarifa zake zinafutwa.

Kwa wanunuzi, hasa mlio majuu mnaonunua kwa skrini: omba picha ya asili. Mtume ndugu alfajiri, si saa sita mchana. Mwambie asimame kwenye kigingi, aelekee kaskazini, anyooshe mkono na kuinua kidole gumba. Mlima ukionekana na kimo chake kikatosha nyuma ya kidole, mshukuruni Mungu. Muuzaji akisema ni mkubwa zaidi ya hapo, shika pesa zako.

Tata hakuuza ile ploti. Amejenga vyumba viwili na ana mbuzi, tena wengi kuliko yule niliyemfuta. Mwaka jana nilimpelekea picha niliyoipiga mlangoni pake asubuhi ya Februari, bila kuongeza kitu. Ukiitazama vizuri, mbali kabisa juu ya mstari wa ardhi, kuna jino dogo la kijivu. Aliiangalia muda mrefu. "Ni kadogo," akasema. Kisha akaitundika ukutani, juu ya kiti chake.

Ile tovuti bado ipo. Nimemwandikia mteja mara mbili nikimwomba aitoe picha yangu, nikajitolea kumpigia nyingine bure. Hajajibu. Nitamwandikia tena Jumatatu.

Haya wadau, kama nanyi mmewahi kupika mlima, semeni hapo chini. Hamtakuwa wa kwanza.