Saratani ya Titi Ikifika Mfupani

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona kuwa ugonjwa haukusambaa kiholela. Alizifananisha seli za saratani na mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini huota penye udongo unaozifaa.

Mfupa ni udongo wa namna hiyo. Seli za titi zikifika humo huchochea seli zinazomeng'enya mfupa; nao unapomomonyoka hutoa vichocheo vya ukuaji vinavyozistawisha seli zilezile zilizoubomoa. Hata hivyo, hiyo bado ni saratani ya titi, na hutibiwa hivyo. Kumwambia mgonjwa ana “saratani ya mifupa”, kama tufanyavyo kwa haraka ya kliniki, ni kumpotosha yeye na atakayesoma faili lake kesho.

Mama aliyewahi kutibiwa titi, hata miaka kumi iliyopita, akilalamikia mgongo, asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu tu. Aulizwe historia yake, apigwe picha. (Nawe uliyetibiwa, usingoje kuulizwa.) Miguu ikilegea au mkojo ukiziba, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, kwani neva za uti wa mgongo zikibanwa kwa muda, huenda asitembee tena.